Kamata ya Butembo haina pingu

Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani ikifika, mzaha uleule hurudi: Wakongo wanakivunja Kiswahili. Neno linaloshtakiwa mapema ni kamata. Sokoni Butembo mwuzaji humrudishia mteja feza yake na kumwambia, "Kamata, mama." Watu hukamata moto, yaani pikipiki, kwenda kazini, hukamata barua, hukamata njia ya Beni, kilomita zipatazo 54. Mwizi akipelekwa kasho, yaani mahabusu, hapo napo husemwa, "Banamukamata." Hajapata kutokea mtu wa Butembo akachanganya chenji na kasho.

Dar es Salaam neno hilo limebaki na polisi. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inalifasiri kwa maana ya kushika kwa nguvu; mengine yameachiwa chukua, pokea na panda.

Kiswahili kiliingia Kongo katika karne ya 19 na misafara ya pembe na watumwa ya Tippu Tip na wenzake. Wafuasi wao waliitwa wangwana, ndipo likatoka jina Kingwana. Wabelgiji waliwashinda wafanyabiashara hao, lakini lugha waliibakiza. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986, anaonyesha jinsi vijitabu vya msamiati vya wakoloni vilivyojaa amri. Namwamini: lugha ya kuamrisha mpagazi haina haja ya vitenzi vitatu ilhali kimoja kinatosha. Ila waliokuwa wakiamrishwa wakalichukua neno, wakalilainisha, wakaanza kupeana nalo vitu.

Mwaka wa kuukumbuka hasa ni 1928. Juni, mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Wamisionari wa Mombasa walipigania Kimvita, lugha ya tenzi, wakashindwa, na manung'uniko yao yanasimuliwa hadi leo katika historia za lugha. Kamati ya kukisanifisha iliyoanza kazi 1930 iliunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Na mwaka huohuo wa 1928, huko Wayika, mmisionari John Whitehead alitoa Manuel de Kingwana, akakiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Lahaja, si makosa! Kimvita kilishindwa barazani. Kingwana hakikuitwa hata barazani.

Baadaye jeshi la Mobutu lilisambaza Kilingala, ambamo kokamata nako ni kuchukua, basi neno likapata ndugu. Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi, na 2022 Kongo ikajiunga. Askari wa Tanzania waliotumwa Beni chini ya Umoja wa Mataifa walielewana na wenyeji bila mkalimani. Kamusi zetu zina nafasi ya maneno ya kale yasiyotamkwa tena na mtu yeyote. Sioni kwa nini kamata inayosemwa sokoni Butembo kila asubuhi inyimwe mstari mmoja.