Kinga, Mwenge na Kurunzi: Historia ya Moto wa Mkononi katika Taita na Taveta

1. Utangulizi

Wanaohusika na uchunguzi wa msamiati wamezoea kutazama maneno mapya: yametoka wapi, yameundwaje, yamekubaliwa na nani. Ni mara chache tunapotazama upande wa pili, yaani maneno ya zamani ambayo hayakufa, wala hayakukatazwa na mtu, lakini yamepoteza vitu vyake. Makala haya yanakusudia kutazama kundi dogo la maneno ya namna hiyo: kinga, kijinga na mwenge. Yote matatu yalikuwa majina ya moto unaochukuliwa mkononi, ule ambao mtu huutengeneza mwenyewe nyumbani kwake ili apate kutembea usiku, kufukuza mnyama, kurina asali, au kupeleka moto kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Tumechagua eneo la Taita na Taveta, na hasa Voi na viunga vyake, kwa sababu mbili. Kwanza, huko reli ilipita mapema, ikaleta mafuta taa, viberiti na baadaye kurunzi, hata historia ya mabadiliko hayo ikaweza kufuatwa bila taabu kubwa. Pili, na hii ndiyo sababu iliyo nzito zaidi, huko moto wa mkononi haujawa jambo la makumbusho. Pembezoni mwa Mbuga ya Tsavo wapo wakulima ambao hata leo huwasha moto usiku kwa ajili ya kulinda mahindi yao. Kitu kingalipo, ni jina lake linaloyumba.

2. Kitu chenyewe

Kabla ya kuzungumzia majina, yafaa tukijue kitu. Moto wa mkononi ni wa namna tatu, na kila namna ina kazi yake.

Namna ya kwanza ni ukuni uliokwisha kushika moto jikoni. Mtu huuchomoa mafigani, akaupunga hewani ili usizimike, akaenda nao. Hauhitaji ufundi wowote. Mwanga wake ni mdogo, lakini hukaa na moto kwa muda mrefu, na kwa hiyo ulifaa kupelekea moto kwa jirani zama ambazo kiberiti hakikuwamo katika kila nyumba.

Namna ya pili ni tita la majani makavu, makuti, maganda ya miti au vijiti vyembamba, lililofungwa kwa kamba na kuwashwa upande mmoja. Hapa ufundi unaanza. Tita likifungwa kwa kulegea, hewa hupita kwa wingi na moto hulila upesi. Likikazwa mno, hutoa moshi bila mwanga. Mrina asali huutaka moshi huo, kwa kuwa huwatuliza nyuki. Mtembeaji wa usiku hutaka mwanga. Kwa hiyo mkono unaofunga ndio unaoamua matumizi. Watu wa pwani walitumia makuti kwa sababu minazi ilikuwa karibu. Watu wa nyika na wa vilima walitumia majani na miti ya kwao.

Namna ya tatu ni ya zama za mafuta taa. Mtu hutwaa mti mbichi wa urefu wa mkono mmoja hivi, kwa maana mti mkavu huungua pamoja na kitambaa. Huzungushia kichwani matambara ya pamba, tabaka juu ya tabaka, huku akiyakaza. Nguo za nailoni hazifai, kwani huyeyuka na kudondoka matone yenye moto. Juu ya matambara hufungwa waya, kwa sababu kamba ya katani, ijapokuwa inapatikana kwa wingi katika nchi hii ya mashamba ya mkonge, huungua na kuachia mzigo wote uanguke. Kisha kichwa huchovywa katika mafuta taa, hukamuliwa na kuachwa yachuruzike hata yasidondoke tena, ndipo huwashwa nje, mbali na paa na majani makavu, mchanga au maji yakiwa karibu. Petroli haitumiwi kamwe: mvuke wake hulipuka kabla mkono haujaondoka.

Maelezo haya si ya kupoteza nafasi. Mwanaleksikografia asiyejua kwamba tita la majani, ukuni wa jikoni na mti wa matambara ni vitu vitatu, atayapa maneno matatu maana moja, na atadhani amemaliza kazi.

3. Kinga na kijinga

Neno kinga, wingi wake vinga, ndilo jina la namna ya kwanza: ukuni wenye moto. Limehifadhiwa katika methali mashuhuri, “Kinga na kinga ndipo moto uwakapo”. Maana yake ya juu ni ya jikoni kabisa: ukuni mmoja ukitengwa huzimika, kuni mbili zikikutanishwa huwaka. Maana yake ya ndani ni ushirikiano.

Kijinga ni umbo la udogo la neno hilohilo. Mofolojia yake yaelekea kuwa wazi. Mashina yenye silabi moja, yanapotiwa kiambishi cha udogo, huingiza -ji- katikati: mti hutoa kijiti, mto hutoa kijito, mtu hutoa kijitu. Vivyo hivyo shina -nga lililomo katika ki-nga hutoa ki-ji-nga. Hoja hii ina faida nyingine: yaonyesha kwamba kinga cha moto hakina uhusiano na kitenzi kukinga, ambacho mzizi wake ni -king-. Yamefanana kwa sauti tu.

Lakini kufanana huko ndiko kulikoyaletea maneno haya msiba. Kinga ya ngeli ya I-/ZI-, yenye maana ya hifadhi, imepata nguvu kubwa katika lugha ya afya, ya sheria na ya magazeti. Kijinga, kwa maana ya namna ya mtu mjinga, husikika kila siku. Upatanisho wa kisarufi huyatenganisha vizuri, kwani kinga hiki si kinga hii. Lakini katika methali hamna upatanisho wa kutusaidia. Msomaji kijana aweza kabisa kuisoma “Kinga na kinga” akadhani ni hifadhi juu ya hifadhi, na asione kwa nini moto uwake. Methali imebaki, kuni zimeondoka ndani yake.

4. Reli, mafuta taa na kurunzi

Wageni wa Ulaya waliofika mapema katika nchi ya Taita walikuta jamii zenye lugha zao: Kidawida, Kisaghala na, upande wa magharibi, Kitaveta. Johannes Rebmann alipita huko mwaka 1847, na mwaka 1848 akauona mlima Kilimanjaro. J. A. Wray wa Church Missionary Society alianza kazi Sagalla mwaka 1883, na mwaka 1894 kikachapwa kitabu chake cha kutangulizia lugha ya Kitaita. Kwa hiyo uandishi wa lugha za vilima hivi ulikwisha kuanza kabla reli haijafika.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukapita Voi kabla ya karne kwisha, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza tawi lilijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta, na likaunganishwa na njia ya Moshi. Mashamba makubwa ya mkonge yakastawi Voi, Mwatate na Taveta. Pamoja na kazi za mshahara yakaja maduka, na madukani kulikuwa na madebe ya mafuta taa. Debe lilipokwisha mafuta, fundi alilikata akatengeneza koroboi. Hivyo moto wa nyumbani ukaingia ndani ya bati na utambi, na nje ya nyumba fanusi ikachukua njia iliyokuwa ya vinga.

Taa ya umeme ya kushikwa mkononi ilipata hati ya uvumbuzi nchini Marekani mwaka 1899, yaani katika miaka ileile reli ilipokuwa ikipenya nyika. Ilipofika Afrika Mashariki ilikuja na majina mawili, tochi na kurunzi. Tochi imetoka katika Kiingereza. Nalo neno hilo la Kiingereza lilikuwa kwanza jina la moto wa mkononi. Waingereza walikipa kitu kipya jina la kitu cha kale. Waswahili hawakufanya hivyo: hawakuiita taa ya betri mwenge, bali walikopa jina lingine. Lau wangeliita mwenge, neno hilo lingekuwa midomoni mwa kila mtoto leo, ila kwa maana nyingine. Kwa kuwa hawakuliita hivyo, neno lilibaki huru kwa safari ya namna tofauti.

Jambo moja, hata hivyo, halikubadilika, nalo ni kitenzi. Twamulika kwa kinga, twamulika kwa fanusi, twamulika kwa kurunzi. Kimulimuli, yule mdudu wa usiku, yaelekea ni wa shina hilohilo. Wanazuoni wa Dar es Salaam nao walipolipa jarida lao jina la Mulika, walichagua tendo na kuacha chombo. Nomino hufuata vitu, na vitu hubadilika. Kitenzi hufuata haja ya mtu, na haja ya kuona gizani haijabadilika.

5. Mwenge wapanda mlima

Kamusi za kale, kama ile ya Johnson ya mwaka 1939, hulieleza neno mwenge kwa tita la majani makavu linalowashwa. Hiyo ni namna yetu ya pili. Shina -enge lina ndugu wa kutatanisha katika lugha za jirani: katika Luganda omwenge ni pombe. Ni onyo kwa wanaopenda kulinganisha maneno kwa sura tu.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1959 Julius Nyerere, akihutubia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika kwa Kiingereza, alizungumzia kuwasha mwanga na kuuweka juu ya Kilimanjaro. Neno alilolitumia katika Kiingereza ni lile la mshumaa. Katika Kiswahili, hata hivyo, mshumaa haukupanda mlima. Uliopanda ni mwenge. Twaweza kuona sababu. Mshumaa ni kitu cha mezani: hukaa mahali pamoja, na upepo mdogo huuzima. Mwenge ni kitu cha njiani: hushikwa, huchukuliwa, hukabili upepo. Lugha ilisahihisha taswira kwa kufuata uzoefu wa wasemaji wake. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliusimamisha mwenge kileleni, na baadaye mbio za Mwenge wa Uhuru zikawa desturi ya taifa la jirani.

Kwa watu wa Taveta jambo hili halikuwa la mbali. Kilimanjaro huonekana kutoka milangoni mwao; mpaka tu ndio uliowatenga na mlima. Lakini mafanikio hayo ya neno yalikuwa na gharama. Leo mtu akisikia mwenge, hufikiri sherehe, mbio na hotuba, au kitongoji cha Dar es Salaam. Neno limepata heshima, likatoka mkononi mwa mkulima.

6. Moto ukingoni mwa shamba

Mbuga ya Taifa ya Tsavo iliundwa mwaka 1948, na leo sehemu zake mbili, za Mashariki na Magharibi, zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la Taita Taveta. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilipata ndovu karibu 15,000 katika eneo zima la Tsavo. Mahindi yakomaapo chini ya vilima vya Sagalla na kwingineko, ndovu hutoka usiku. Mkulima hukesha. Hupiga madebe, huwasha moto kandokando ya shamba, huchoma pilipili pamoja na mavi ya ndovu ili moshi uwashe, na humulika kwa kurunzi. Wengine wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu huwaogopa nyuki.

Kurunzi ni bora kwa kuona mbali, na haiwezi kuteketeza shamba lililokusudiwa kulindwa. Lakini betri huisha, na ndovu huzoea mwanga usio na harufu wala joto. Ndipo mtu hurudia tambara, mti na mafuta taa. Hatari yake ni dhahiri: kuna ndovu mbele na majani makavu nyuma. Watu wamepoteza maisha katika mikesha ya namna hii. Hicho alichokishika mkulima mkononi ni mwenge kwa kila kipimo cha kamusi za kale, lakini yeye mwenyewe akiandika Kiswahili huenda akasita kuuita hivyo, kwa kuwa neno hilo amefundishwa kuwa ni la taifa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba maneno matatu ya jamii moja yamepatwa na mambo mawili tofauti. Kinga na kijinga yamefunikwa na maneno yanayofanana nayo kwa sauti, na mwenge umeinuliwa hata ukawa mbali na watumiaji wake. Hakuna hata moja lililokufa kwa sababu kitu chake kimekwisha.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. La kwanza, kamusi zetu zianze maelezo ya mwenge kwa tita la majani na mti wa matambara, ndipo zifikie sherehe. Na kinga cha moto kipewe kidahizo chake peke yake, pamoja na ngeli na methali yake. La pili, msamiati wa moto katika Kidawida, Kisaghala na Kitaveta ukusanywe sasa kutoka kwa wazee wanaojua kufunga, kuwasha na kuzima, na mkusanyaji aombe kuonyeshwa kitu kabla ya kuuliza jina. Vinga viwili vingali vyawaka, kimoja kijijini na kimoja chuoni. Methali yetu imekwisha kusema la kufanya.