BACnet: Historia ya Lugha Moja ya Vidhibiti vya Hewa

BACnet ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, inayowezesha feni, vali, vilango vya hewa na vitambuzi vya joto katika jengo kubwa kupashana habari, hata vikiwa vimetengenezwa na kampuni tofauti.

Kabla ya kompyuta, ujumbe ulisafirishwa na hewa iliyoshindiliwa. Mfumo huo ulienezwa na Warren Johnson, aliyeanzisha kampuni yake Milwaukee, Marekani, mwaka 1885. Baadaye shinikizo la pauni 3 hadi 15 kwa inchi ya mraba likawa kipimo cha kawaida, hivyo kifaa cha kampuni moja kiliweza kuelewana na cha nyingine.

Maelewano hayo yalivunjika vidhibiti vya kidijitali vilipoenea miaka ya 1980. Kila mtengenezaji alikuwa na itifaki yake, na mwenye jengo akalazimika kurudi kwa muuzaji yule yule kila alipotaka kuongeza au kubadilisha kifaa.

Juni 1987, kamati ya ASHRAE, jumuiya ya wahandisi wa viyoyozi ya Marekani, ilikutana Nashville chini ya Michael Newman wa Chuo Kikuu cha Cornell. Iliamua kutoingilia muundo wa ndani wa vifaa. Badala yake, kila kipimo au swichi ingeonekana mtandaoni kama kitu chenye sifa zinazojulikana: thamani, kizio na hali yake. Amri nazo zilipangwa katika ngazi 16 za kipaumbele, ili amri ya usalama wa maisha ishinde ratiba ya kawaida ya feni.

Kazi hiyo ilizaa BACnet, iliyopitishwa mwaka 1995 kama kiwango namba 135. Mwaka 1999 kiliongezewa njia ya kutumia mitandao ya IP, na mwaka 2003 kikawa kiwango cha kimataifa, ISO 16484-5. Hakikubaki peke yake sokoni: itifaki nyingine kama Modbus ya mwaka 1979, LonWorks na KNX ya Ulaya bado zinatumika.

Uwazi wa BACnet, yaani kuruhusu vifaa vya kampuni yoyote kuwasiliana, ulileta hatari. Katika mitandao mingi ya BACnet, kifaa kilitii amri bila kuhakiki mtumaji. Mwaka 2019 ikaongezwa BACnet/SC, inayosimba ujumbe kwa siri na kudai kila kifaa kiwe na cheti cha kidijitali. Vifaa vya zamani huunganishwa nayo kupitia ruta, bila kung'olewa.