Takwimu za wanafunzi katika uamuzi wa shule nchini Tanzania

Takwimu za wanafunzi ni kumbukumbu za mahudhurio, alama, umri, jinsia, ulemavu na uhamisho ambazo shule na serikali huzitumia kufanya uamuzi: nani apewe masomo ya ziada, mwalimu apangwe wapi, shule ipi ipelekewe fedha kiasi gani. Nchini Tanzania matumizi hayo yalishika kasi baada ya mwaka 2010. Historia yake fupi inaonyesha kuwa tarakimu ileile inaweza kumwongoza mwalimu darasani, na inaweza pia kumfundisha namna ya kuikwepa.

Chanzo kikongwe ni rejista ya mahudhurio, ambayo mwalimu wa darasa huita majina kutoka humo kila siku. Jumla zake hupanda kwa mwalimu mkuu, kwa afisa elimu kata, kwenye halmashauri na hatimaye TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Tangu elimu bila malipo ianze kutekelezwa Januari 2016, hesabu hiyo imebeba uzito wa fedha, kwa kuwa ruzuku hukokotolewa kwa kila mwanafunzi: shilingi 10,000 kwa mwaka katika shule ya msingi na 25,000 katika sekondari. Mwaka huohuo uhakiki ulikuta wanafunzi hewa katika mikoa mbalimbali. Haikuwa ajabu, jina likishakuwa na bei, lazima watokee wa kuliongeza. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina mfumo wa PReM unaompa mwanafunzi namba ya kudumu inayomfuata anapohama. Bila namba kama hiyo, mtoto aliyehamia mkoa mwingine aliweza kuhesabiwa mara mbili au asihesabiwe popote.

Chanzo cha pili ni mitihani na upimaji wa kitaifa: darasa la nne, darasa la saba, kidato cha pili na kidato cha nne. Kwa miaka mingi matokeo yalitumika zaidi kuchagua wanaoendelea kuliko kurekebisha ufundishaji. Upimaji wa Uwezo, uliofanyika Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2010 kwa kufuata mfano wa upimaji wa ASER wa India, ulibadilisha swali. Watu wa kujitolea waliwafuata watoto majumbani, wakiwemo wasiokwenda shule, wakawapa herufi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Takriban watoto 3 kati ya 10 wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi hiyo kwa Kiswahili. Habari hiyo iliwaudhi baadhi ya viongozi, lakini ilikuwa vigumu kuipuuza. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliandikwa upya ukajikita katika KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu.

Mshtuko mkubwa zaidi ulitokea Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Serikali iliyafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya kwa viwango vya awali vya alama. Baadaye ukaja mfumo wa wastani wa alama, nao ukaachwa na madaraja yakarudishwa. Kwa anayetaka kulinganisha miaka, kipindi hicho ni mtego: rula yenyewe ilibadilishwa, na grafu inayopanda haithibitishi kuwa watoto waliongeza maarifa.

Katika hali hiyo mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioigwa kutoka Malaysia, ulianza mwaka 2013. Malengo yake yalikuwa kiwango cha ufaulu cha asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015. Shule zilipangwa kitaifa na kiwilaya, zikapewa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza shule za msingi na kukuta kuwa zile zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu wa darasa la saba. Walikuta pia jambo ambalo jedwali la ushindi halikulionyesha: katika shule hizohizo wanafunzi waliofika kwenye mtihani walipungua. Asilimia ya ufaulu ni uwiano, na kumwondoa mtoto dhaifu kwenye hesabu ni rahisi kuliko kumfundisha. Kosa hapa halikuwa la mwalimu peke yake. Mpango ulimpima kwa waliofaulu bila kumuuliza walikokwenda waliokosekana.

Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule na wanafunzi bora. Kenya ilikuwa imesitisha upangaji wa aina hiyo mwaka 2014.

Majaribio ya KiuFunza ya shirika la Twaweza, yaliyofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, yalitumia takwimu kwa namna nyingine. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku, la pili lilipewa motisha kwa walimu kulingana na stadi ambazo kila mtoto alionyesha kuzimudu, na la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Ruzuku pamoja na motisha iliinua, tena zaidi ya jumla ya athari za kila kimoja.

Kinachosemwa kidogo, ingawa pengine ndicho chenye faida kubwa kwa mwalimu wa taaluma, ni taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo kila swali huelezwa: waliolikosa walichanganya nini na mada ipi ina udhaifu. Mwalimu wa hisabati anayekuta kuwa sehemu ndizo zilizowaangusha watahiniwa ana jambo la kurekebisha wiki ijayo. Kujua kuwa shule yake ni ya 9,000 kitaifa hakumpi somo la kufundisha.

Usiri ni suala jipya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu pia kumbukumbu za watoto. Nchini Kenya, mwaka 2023, mdhibiti wa taarifa aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Desturi ya kubandika ukutani orodha ya majina na alama za darasa zima, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, bado ipo katika shule nyingi.