Mtindi kabla ya Maabara: Swali la Mwanzo katika Historia ya Bakteria Rafiki

Masimulizi mengi kuhusu vyakula vyenye bakteria rafiki huanzia Ulaya. Mwaka 1905, Stamen Grigorov, Mbulgaria aliyekuwa Geneva, alibainisha bakteria wa mtindi wa kwao. Naye Élie Metchnikoff, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alidai kuwa sumu za bakteria waozeshao chakula katika utumbo mpana huharakisha uzee, na kwamba bakteria wa asidi ya laktiki wangeweza kuwazuia. Mwaka 1919, Isaac Carasso alipoanza kutengeneza mtindi Barcelona, uliuzwa katika maduka ya dawa.

Makala haya yanauhoji mwanzo huo. Katika hoja ya Metchnikoff, wakulima wa Bulgaria walionekana kama ushahidi wa maisha marefu, si kama wenye ujuzi. Kosa hilo laweza kurudiwa Afrika Mashariki, ambako Wakalenjin wamekuwa wakigandisha mursik katika vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa wa miti maalumu. Hata hivyo, si sahihi kudai kuwa wahenga waliwajua bakteria. Walichokijua ni chombo, muda na ladha. Nao walitaka maziwa yasiharibike.

Hivyo basi, maabara iliieleza desturi hiyo; haikuianzisha. Anayeshauri leo mtindi uongezwe katika mlo wa kila siku hana budi kuuliza kwanza ni kaya zipi zilizouacha, na kwa nini.