Mtoto anayejichafua huenda amefunga choo

Mtoto wa miaka 6 anaporejea kutoka duksi huko Balambala, Kaunti ya Garissa, akiwa amechafua kanzu yake, mzazi aweza kudhani kwamba ni uvivu au kuhara. Mara nyingi si hili wala lile.

Hali hiyo, ambayo madaktari huiita enkopresisi, ni ya mtoto aliyetimiza miaka 4 kujiendea haja kubwa nguoni mara kwa mara. Huwapata wavulana zaidi, na chanzo chake kikuu, ajabu ya mambo, ni kufunga choo.

Mtoto aliyeumizwa na choo kigumu huanza kukibana. Kinyesi hurundikana na kukauka, utumbo hutanuka hadi hisia ya haja ikafifia, kisha kinyesi chepesi kikapenya kando ya bonge hilo na kuvuja bila yeye kujua. Kwa hiyo dawa ya kuzuia kuhara huzidisha tatizo. Kiboko nacho hakifai kitu; anayepigwa hubana zaidi, na aibu ya kutengwa na wenzake wakati wa swala inatosha kumwadhibu.

Katika eneo hilo la joto kali, mtoto asiyekunywa maji ya kutosha, anayekula wali, nyama na maziwa bila mboga wala matunda, hufunga choo kwa urahisi. Choo cha shule kisicho na mlango nacho humfanya asubiri hadi jioni.

Matibabu huanza kwa kuliondoa bonge kwa dawa ya kulainisha choo, kama vile polietilini glaikoli au laktulosi, kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Dawa huendelea kwa miezi kadhaa, kwani utumbo uliotanuka huchelewa kurudi hali yake. Wazazi wengi hukosea hapa: wakiona nguo safi wiki mbili, huiacha. Mtoto aende chooni dakika 5 hadi 10 baada ya kila mlo, bila kuharakishwa. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo ni mkao mzuri. Maji, maharagwe, na mapapai ya mashamba ya Mto Tana husaidia.

Mtoto aliyechelewa kupata choo zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa, anayevimba tumbo, kutapika, kukonda au kudhoofika miguu, apelekwe hospitali bila kukawia. Huenda ana kasoro ya neva za utumbo au za uti wa mgongo, na baadhi ya kasoro hizo huhitaji upasuaji.