Beki wa senti 50

Wadau, juzi kazi ilinipeleka Mtendeli, wilaya ya Kakonko, ambako wengi wetu bado tunakuita Kibondo kwa mazoea. Jioni nikasimama kuangalia watoto wakicheza chandimu. Kabla ya kuanza waligombania majina: huyu Samatta, yule Msuva. Aliyepangwa beki alinuna. Nikamuuliza kulikoni, akanijibu, "Beki hatangazwi!"

Nikamwambia dogo, hebu ngoja nikusimulie habari za Jella Mtagwa.

Mtagwa alikuwa beki wa kati wa Pan African, timu iliyozaliwa na mgogoro wa Yanga miaka ya 1970, na aliwahi kuwa nahodha wa Taifa Stars. Mwaka 1982, Kombe la Dunia lilipokuwa likichezwa Hispania, Tanzania ilitoa stempu nne za kumbukumbu. Moja ilikuwa na picha ya Diego Maradona. Nyingine, ya senti 50, ilikuwa na picha ya Jella Mtagwa. Hakuwa mfungaji wala winga mwenye mbwembwe. Alikuwa beki!

Sasa angalieni wawili hao walivyotofautiana. Mwaka huohuo Maradona alihamia Barcelona kwa takriban pauni milioni 5, rekodi ya dunia wakati ule. Huku kwetu soka lilikuwa la ridhaa. Wachache sana, kama Sunday Manara aliyekwenda Heracles ya Uholanzi, ndio walioonja soka la kulipwa Ulaya. Waliobaki walicheza kwa mapenzi, jina na posho.

Kila Mtanzania anayependa soka anajua kwamba Agosti 1979, kule Ndola, Peter Tino alisawazisha dhidi ya Zambia na kutupeleka Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Tulirudi huko mwaka 2019, miaka 39 baadaye. Lakini pigeni hesabu. Dar es Salaam tulishinda 1-0, Ndola tukatoka 1-1. Maana yake ni kwamba kwa dakika 180 Zambia walipata bao moja tu. Bao la Tino lilitosha kwa sababu akina Mtagwa na Leodegar Tenga walikuwa wamefunga mlango nyuma.

Hilo ndilo tatizo letu waandishi. Bao lina dakika na mwenyewe, tunaliandika. Bao lililozuiwa halina pa kuandikwa, hivyo linakufa na walioliona.

Nilipomaliza, dogo akanitazama, akauliza, "Kaka, stempu ni kitu gani?"

Nilicheka, lakini nikaondoka na mawazo. Heshima kubwa tuliyompa beki wetu tuliibandika juu ya barua, na barua zenyewe hatuandikiani tena. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyeangalia mpira miaka ile, muulizeni leo. Msianze na wafungaji. Anzeni na mabeki.