Ndege na vita: juu ya nini wasafiri wanaogopa, na hatari iko wapi kweli

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025, wakati M23 waliingia katika muji, kuna ulizo moja ambalo wasafiri wa Kivu wanajiuliza kila mara: ndege ya abiria ikipita karibu na vita, inaweza kupigwa? Jibu ni ndiyo. Imekwisha kutokea, hata hapa kwetu. Lakini hatari haiko sawa kila mahali, wala kila saa ya safari. Tuangalie pole pole.

Imekwisha kutokea Congo

Tarehe 10 Oktoba 1998, Boeing 727 ya Lignes Aériennes Congolaises iliruka kutoka Kindu, katika Maniema. Haikufika mbali: kombora liliipiga, ikaanguka katika pori. Watu 41 walikufa. Waasi wa RCD walisema ndege ilibeba askari. Serikali ilisema ilibeba raia waliokuwa wanakimbia vita.

Mabishano hayo yanaonyesha shida yenyewe. Katika vita, ndege za raia na za jeshi zinatumia uwanja mumoja, na mara nyingine ndege ileile inabeba askari leo, kesho inabeba mama na watoto. Yule anayekuwa chini na silaha hajui nani yuko ndani.

Hata rangi nyeupe ya Umoja wa Mataifa haikingi. Tarehe 29 Machi 2022, elikopta ya MONUSCO ilianguka upande wa Tchanzu, Rutshuru, wakati wa mapigano ya jeshi na M23. Walinda amani 8 walikufa. Tarehe 5 Februari 2023, elikopta ingine ilipigwa risasi hewani. Askari mumoja wa Afrika Kusini alikufa, lakini piloti alifaulu kuifikisha Goma.

Urefu ni kitu cha kwanza

Ndege kubwa za abiria zinapita kwenye mita 10,000 hivi. Risasi ya bunduki haifiki huko. Kombora dogo, lile mutu mumoja anaweza kuweka ku bega, kwa kawaida halipiti sana mita 4,000 ao 5,000. Kwa hiyo hatari yake iko wakati ndege inapanda ao inashuka. Ndivyo ilikuwa Kindu. Ndivyo ilikuwa pia Mombasa, tarehe 28 Novemba 2002, wakati makombora mawili yalirushwa kwa ndege ya Israeli iliyokuwa inaruka. Yaliikosa.

Tusisahau kama urefu huo unahesabiwa kuanzia pale murushaji anasimama. Katika inchi ya milima kama Kivu, mwenye kuwa juu ya kilima iko karibu zaidi na ndege.

Kisha kuna makombora makubwa, yenye kubebwa na magari na kuongozwa na rada. Hayo yanafika hata pale ndege kubwa zinapita. Tarehe 17 Julai 2014, ndege MH17 ya Malaysia Airlines ilitoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur. Juu ya mashariki ya Ukraine, kombora la aina ya Buk liliivunja hewani. Watu wote 298 walikufa. Ukraine ilikuwa imefunga anga ya pale mpaka futi 32,000. MH17 ilikuwa kwenye futi 33,000. Haikuvunja sheria yoyote, na siku hiyo ndege zingine karibu 160 zilikuwa zimepita juu ya eneo lile.

Nani anapaswa kufunga anga?

Kufuatana na Mapatano ya Chicago ya 1944, kila inchi ndiyo inatawala anga yake. OACI, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Montréal, inatoa kanuni na mashauri, lakini haiwezi kufunga anga ya inchi fulani. Mwaka wa 1984 waliongeza kifungu kinachokataza inchi kutumia silaha juu ya ndege ya raia inayoruka. Hiyo ilikuwa kisha Urusi ya zamani (URSS) kupiga ndege ya Korea ya Kusini katika 1983 na kuua watu 269.

Shida ni hii: inchi yenye vita ndiyo inaombwa kufunga, na ndiyo inapata hasara ikifunga. Inakosa pesa ambazo ndege zinalipa kwa kupita, na inakubali mbele ya dunia kama haitawali tena anga yake. Tarehe 8 Januari 2020, Iran ilirusha makombora juu ya kambi za Wamarekani katika Irak, lakini iliacha anga ya Tehran wazi. Saa chache tu kisha, jeshi lake lenyewe lilipiga ndege ya Ukraine iliyotoka kuruka. Watu 176 walikufa. Iran ilikana kwa siku tatu, kisha ikakubali na kusema ni kosa.

Kwa hiyo kampuni ya ndege haipashwe kungoja tu kuambiwa. Ina haki ya kuzunguka ao kuacha safari, na piloti vilevile. Serikali zingine zinaweza pia kukataza kampuni zao kupita huko.

Kuacha ndege haiko kuacha hatari

Kwetu, watu wengi waliokufa katika ndege hawakupigwa na kombora. Katika Goma peke yake, DC-9 ilishindwa kuruka tarehe 15 Aprili 2008 ikaingia katika Birere, na ndege ndogo ikaangukia nyumba za watu tarehe 24 Novemba 2019. Tangu 2006, Umoja wa Ulaya unakataza kampuni zenye ruhusa ya Congo kuingia katika anga yake, juu ya ukaguzi muzaifu.

Na njia zikifungwa, watu wanajaa pahali pengine. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, watu makumi wakafa. Wengi walipita ziwani sababu vita ilikuwa imekata barabara.

Musafiri aulize nini?

- Uwanja wa kuruka na wa kushukia uko mbali na mapigano? Uliza habari za siku ileile, hapana za juma lililopita.
- Ndege hii inabeba askari ao silaha? Ukiona vinapakiwa, afazali kubaki.
- Ndege imejaa kupita kiasi? Hiyo nayo inaua.
- Safari ikikatwa ao ikizunguka, usimugombeze piloti. Kuzunguka kunaleta kuchelewa tu. MH17 ilipita njia fupi, ya wazi, yenye ruhusa.